Sura ya Tisa: Unga Mweupe Ndani ya Themosi

Koplo Kipkemboi aliiweka themosi ya dereva Oyoo mezani kwa uangalifu wa mtu aliyebeba trei ya mayai, akaifungua, akamwambia Inspekta Mokeira aangalie chini kabisa. Mokeira akawasha tochi ya simu na kuinama. Ndani mlikuwa na mabaki ya chai ya maziwa ya tangu Ijumaa, yameganda na kuchacha, yananuka vibaya. Chini ya uchafu huo, kwenye kona ya kioo, kulikuwa na tope jeupe jembamba. Hayo hayakuwa majani ya chai, na sukari ingekuwa imeyeyuka zamani.

"Sumu," Kipkemboi alisema.

"Au unga wa ugali. Hebu tulia kwanza."

Lakini yeye mwenyewe hakutulia. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, na saa nane mchana Jackton Oyoo alitakiwa kusimama mbele ya hakimu mjini Kericho. Faili lilikuwa limeshaandikwa neno moja kubwa juu: mauaji. Mwendesha mashtaka alikuwa amepiga simu mara mbili kuuliza kama kuna kitu kitakachobadilika, kwa sauti ya mtu asiyetaka kibadilike.

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Oyoo alikuwa dereva wa lori la kubeba majani mabichi ya chai kutoka kwa wakulima hadi kiwandani, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Ijumaa, saa tisa mchana, lori lake liliteremka kile kilima kilicho nje kidogo ya Kiptere, likaacha barabara polepole, likapita katikati ya banda la kupimia majani. Karani wa banda, Mathew, kijana wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa amesimama kwenye mizani. Alikufa papo hapo.

Hakukuwa na alama ya breki barabarani hata ya hatua moja. Mkaguzi wa magari alizipima breki Jumamosi, akazikuta nzima kabisa. Oyoo alipulizishwa kile kifaa cha pombe, kikasoma sifuri. Halafu kulikuwa na ugomvi. Siku tatu kabla ya hapo Oyoo alichelewa kuja na lori, majani yakapata moto na kuharibika ndani ya magunia, kiwanda kikayakataa, na wakulima wakamrukia Mathew kana kwamba yeye ndiye aliyeyachemsha. Mathew naye akamrukia Oyoo mbele ya watu. Oyoo akajibu kwamba siku moja watamtambua. Wote waliokuwa pale walilikumbuka neno hilo.

Na juu ya yote kulikuwa na Chepngeno, mchuma chai, aliyekuwa kando ya barabara na gunia lake lori lilipompita. Maelezo yake yalikuwa mafupi: dereva alikuwa anacheka.

Oyoo mwenyewe alisema breki zilikataa. Ulikuwa uongo mtupu, na mtu akidanganya polisi mara moja hata jina lake linaanza kutiliwa shaka.

Nje, kwenye nyasi za karibu na ua, mama yake Mathew alikuwa amekaa tangu Jumamosi. Aliitwa Rodah. Alikaa na shuka lake mabegani, wajomba na vijana wa ukoo wakiwa nyuma yake, na hakuomba kitu ila kuona yule aliyemuua mtoto wake akipelekwa kortini. Mathew alikuwa mtoto wake wa pekee. Kule Kapsoit watu walishaanza kunong'ona kwamba hawa waliotoka ziwani, Wajaluo kama Oyoo, wahame nyumba za kampuni kabla ya mazishi. Mokeira alikuwa Mkisii, mgeni pia mahali hapa. Minong'ono ya namna hiyo aliijua inavyoishia, ikamtia hofu.

"Nani alipika hii chai?" aliuliza.

Kipkemboi alisema ni mke wa Oyoo. Yuko pale kaunta na uji wa bwanake, kama kila asubuhi.

Jerusa Oyoo alikuwa mwanamke mwembamba, vidole vimekauka na kuwa vyeusi kwa utomvu wa majani ya chai. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani. Mokeira alimuuliza chai ya Ijumaa ilikuwa na nini ndani. Jerusa akahesabu: maji, majani, maziwa, sukari, tangawizi kidogo. Kitu kingine? Hakuna. Alikuwa na uhakika? Alikuwa na uhakika. Mokeira akamuuliza kama mume wake anaumwa. Jerusa akasema alikuwa na goita, akapasuliwa, ikatolewa yote, miaka miwili sasa. Na dawa?

"Anameza," Jerusa alisema. "Kila siku. Hajakosa hata moja."

Jibu hilo lilitoka haraka kuliko yale mengine. Mokeira aliona pia kwamba ule mkoba ulikuwa umeshikwa kwa mikono miwili tangu neno chai litajwe. Alimwacha akae pale pale, akamwambia Kipkemboi nje ya mlango asimruhusu kutoka.

"Amemtilia kitu, madam," Kipkemboi akanong'ona. "Bibi anatilia bwana dawa ya kulala, bwana anaua mtu. Ni yeye wa kushtakiwa."

"Au wote wawili, ukipenda. Nenda uniletee Chepngeno."

Chepngeno aliletwa na pikipiki ya kituo, aproni ya plastiki bado kiunoni, amekasirika kwa kukatiziwa siku ya kazi. Alirudia yaleyale ya Ijumaa bila kupunguza. Mokeira hakubishana naye. Alimwomba tu asimame na amwonyeshe Oyoo alivyokuwa. Chepngeno akaona ni upuuzi, lakini akasimama. Akaegemeza kichwa nyuma, akaachama, akaivuta midomo mpaka meno yakaonekana. Kidevu kilielekea juu.

"Macho yalikuwa wazi?"

"Wazi kidogo. Hivi." Akayafumba nusu.

"Ulisikia kicheko?"

Chepngeno alifikiri. Alisema alisikia sauti, ya kukwaruza, kama mtu anavuta kitu kwa koo. Lori lenyewe lilikuwa na kelele. Basi yeye alijua ni kicheko, maana mdomo ulikuwa wa kucheka.

Mokeira aliandika kila neno. Kisha akauliza lile aliloliacha makusudi mwisho: Oyoo na Mathew walikuwa maadui kweli? Chepngeno akamtazama kama mgeni wa nchi. Maadui gani? Waligombana siku moja, kesho yake wakanywa chai. Pale banda kila mtu hunywa chai ya Oyoo. Lori likifika saa nne asubuhi, themosi inateremshwa kabla ya gunia la kwanza, na hakuna mtu anakunywa peke yake watu wakiwa wamesimama hapo na baridi, hiyo ni tabia gani. Mathew humiminiwa wa kwanza kwa sababu ndiye mkubwa wa banda, kisha yeye Chepngeno, kisha kijana wa kupakia magunia pale banda, na Oyoo anachukua kile kinachobaki.

"Hata Ijumaa?"

"Hata Ijumaa. Na hakuna aliyeumwa tumbo, kama ndiyo unauliza."

Mokeira alifunga daftari. Watu wanne walikunywa kutoka themosi moja, saa nne asubuhi, na watatu wakafanya kazi mpaka saa tisa bila kusinzia. Sumu ya Kipkemboi ikafia hapo. Lakini tope jeupe lilikuwa bado pale pale mezani, na saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa nne.

Akaenda mahabusu.

Kwenye kitabu cha matukio, zamu ya Jumamosi ilikuwa imeandika kwamba mahabusu Oyoo anakoroma na wenzake wameonywa wasimpige. Zamu ya Jumapili iliandika hivyohivyo. Kipkemboi alikuwa amelisoma hilo na kusema mtu ameua halafu analala fofofo, hana hata haya. Mokeira alisimama kwenye kidirisha cha mlango akachungulia.

Oyoo alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, amejifunika blanketi mbili wakati wenzake wana moja moja au hawana. Uso wake ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyelia usiku kucha. Kovu la upasuaji lilikuwa limelala chini ya koo lake nene. Alikoroma mara tatu kwa nguvu, kisha akanyamaza.

Mokeira akaangalia saa yake. Sekunde kumi zilipita. Kifua cha Oyoo kilikuwa kinajikaza na kulegea, kinajikaza na kulegea, lakini hakukuwa na pumzi inayoingia. Ishirini. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Mokeira akashika komeo la mlango.

"Ngoja tu, madam," mmoja wa mahabusu alimwambia. "Atafufuka."

Zilipofika thelathini na nne, kichwa cha Oyoo kilirushwa nyuma, mdomo ukaachama, midomo ikavutika mpaka meno yakaonekana, macho yakafunguka nusu bila kuona chochote, na koo likatoa sauti ya kukwaruza. Mokeira alikuwa ameshaona maiti nyingi katika kazi yake, lakini uso huo ulimwogopesha. Ulikuwa ni uleule ambao Chepngeno alikuwa amemwonyesha dakika kumi zilizopita.

Alimtoa, akamkalisha kwenye benchi la korido, akamuuliza upya. Oyoo alijibu polepole, sauti nzito yenye kukwaruza, na katikati ya swali la pili kichwa kikaanguka kifuani. Maofisa wa Ijumaa waliuandika huo upole wake kuwa ujanja wa mtu anayetunga majibu. Mokeira alimtingisha bega.

"Ulilala kwa usukani, Jackton?"

"Sikulala, afande. Mimi silali kwa usukani. Nilifumba jicho, nikafumbua, banda lilikuwa ndani ya lori. Ni breki."

"Na siku ile majani yalipata moto? Ulichelewa kwa nini?"

Akasema alisimamisha gari kidogo tu apumzike. Kidogo hiyo ilikuwa ya saa mbili, na ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Hakumwambia mtu. Dereva akisema analala njiani amejifukuza kazi mwenyewe.

"Dawa ya koo unameza saa ngapi?"

"Niliacha hiyo. Nilipasuliwa nikapona. Imepita karibu miaka miwili sijameza."

Mke alisema hajakosa hata tembe moja. Mume alisema hajameza hata moja. Mmoja alikuwa anadanganya, na huyu hapa hakuwa na nguvu ya kudanganya zaidi ya breki.

Saa nne na nusu Clifford Oyugi, afisa wa kliniki ambaye ndiye aliyemwandikia Oyoo dawa baada ya upasuaji, alikuja kituoni na begi lake kama Mokeira alivyomwomba kwa simu. Alipoona uso ule hakuuliza maswali mengi. Alimpima mapigo, akayakuta ya polepole mno, akachukua damu na kumtuma mwendesha pikipiki aipeleke maabara ya mjini. Mokeira alimuuliza kuhusu zile tembe. Clifford akafungua simu yake: mke huja kila mwezi, zilizopita zikiwa zimeisha sawasawa, anachukua nyingine. Hajawahi kubakisha. Kwa hiyo waliamini anameza, wakaridhika, hawakumpima tena. Hilo alilisema akiangalia chini.

"Zinaisha," Mokeira alisema. "Na yeye hamezi. Sasa zinakwenda wapi?"

Clifford hakujua. Mokeira alijua kabla hajamaliza kuuliza.

Matokeo yalifika saa sita na dakika ishirini. Kipimo cha damu cha tezi ya koo, ambacho kwa mtu mzima hakifai kupita nne na nusu, kilikuwa themanini na sita. Clifford alieleza polepole ili Kipkemboi aandike. Mtu aliyetolewa tezi ya koo anaishi kwa hiyo tembe. Akiikosa mwili unapoa na kupunguza mwendo, anahisi baridi, uso unavimba, sauti inakuwa nzito. Ulimi unavimba pia, na nyama za koo zinalegea. Akilala tu, njia ya hewa inaziba. Ubongo unamwamsha avute pumzi, analala tena, inaziba tena, mara mia usiku mmoja, na yeye asubuhi hakumbuki hata mara moja. Halafu mchana anaibiwa na usingizi wakati wowote, akiwa anakula, akiwa anaongea, akiwa anaendesha lori.

Kipkemboi alikuwa ameacha kuandika. "Kwa hivyo hakuwa anacheka," alisema.

"Alikuwa anatafuta hewa."

Mwendesha mashtaka akapiga mara ya tatu. Mokeira alimweleza. Yule bwana alisikiliza, akasema ugonjwa ni kitu kizuri sana kwa wakili wa utetezi, lakini rekodi za kliniki zinasema mtu huyu anapata dawa yake kila mwezi, na dawa ikiwa inaliwa hakuna ugonjwa wa kumlaza. Au Inspekta anaweza kuonyesha dawa ilikwenda wapi? Kama hawezi, saa nane ni mauaji. Akakata.

Zilikuwa zimebaki saa moja na nusu. Mokeira aliibeba themosi, akarudi kwa Jerusa, akaiweka kati yao na kumulika chini.

"Mama Molly," alisema, kwa jina ambalo majirani humwita. "Mume wako anasema hamezi. Kliniki inasema zinaisha. Mimi nimeona hii."

Jerusa aliiangalia themosi. Kisha akafungua mkoba ule, akatoa kipakiti cha tembe, akakiweka mezani. Zilikuwa zimebaki sita.

Alianza kusema na hakusimama. Baba Molly alikuwa akimeza vizuri miezi ya kwanza, alfajiri, pale madereva wanapokusanyika. Wenzake wakamwona. Wakaanza kusema mtu anayemeza tembe kila siku saa ileile ana ule ugonjwa, na wengine wakaacha kula naye. Siku moja akarudi nyumbani, akatupa pakiti kwenye choo, akasema amepona, asiletewe tena. Jerusa alimbembeleza, akakataa. Alimwona anavimba, alimsikia usiku pumzi inakatika, akawa anamsukuma mpaka aamke. Basi akaamua mwenyewe. Kila alfajiri aliponda tembe moja kwa kitako cha kikombe, akaitia kwenye themosi, akamimina chai ya moto juu, akatikisa. Mume wake hakujua. Hata sasa hajui.

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Nikisema nimeweka kitu kwa chai ya bwana yangu, nani atangoja kusikia jina la hicho kitu? Wangesema nimemroga, nimemwekea sumu, na bado wangemfunga."

Aliuliza sasa kwamba kama alikuwa anampa kila siku, ilikuwaje akalala. Mokeira angependa mtu mwingine ajibu swali hilo. Alimwita Clifford, naye akasema ukweli kwa upole kadiri alivyoweza: tembe hiyo inataka tumbo tupu na maji matupu. Ikikutana na maziwa na chai, nyingi yake haiingii kwenye damu. Kliniki ndiyo ilipaswa kumweleza hivyo, na kumpima mgonjwa mwenyewe.

"Hapa nani humeza dawa na maji?" Jerusa akasema. "Sisi wote ni chai."

"Na ile kidogo iliyobaki," Mokeira akaongeza, kwa sababu ilibidi iwe kwenye maelezo, "ilikuwa inagawanywa kwa watu wanne pale banda. Mathew wa kwanza."

Jerusa hakulijua hilo. Alilia bila kujificha, machozi yakamdondokea mikononi, na Kipkemboi, aliyekuwa asubuhi ameshamfunga kwa mawazo yake, akamtafutia kitambaa mfukoni asikipate.

Mokeira aliandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika tembe, alfajiri, kitako cha kikombe, maziwa, banda. Alimsomea Jerusa mara mbili. Akamweleza wazi kwamba karatasi hii ikienda kortini neno mauaji litatoka, libaki kusababisha kifo kwa kuendesha gari, na mumewe atapelekwa hospitali leo leo chini ya ulinzi. Akamweleza pia kwamba jina lake litasomwa mbele ya watu, na watu hawa ndio anaochuma chai nao. Jerusa alitia sahihi kila ukurasa bila kuuliza atapata nini. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Kisha akauliza kama mama yake Mathew atakuwepo wakati wa kusomwa.

"Atakuwepo."

"Basi asisikie kwa hakimu. Nitamwambia mimi."

Mokeira alimkataza. Alimwambia pale nje kuna wanaume wenye hasira za siku tatu. Jerusa alikuwa ameshasimama. Ikabidi Mokeira atembee naye bega kwa bega, Kipkemboi mbele yao, mkono mmoja kwenye rungu lake. Walipokaribia ua vijana walisimama. Mmoja alisema kitu kwa Kikipsigis, na Kipkemboi akamjibu kwa ukali akae chini. Hakukaa, lakini Rodah aliinua mkono bila kumtazama, ndipo kijana akakaa.

Jerusa alipiga magoti kwenye nyasi ili macho yao yawe sawa. Alimwita Mama Mathew. Alisema yote, kutoka choo kilichotupiwa dawa mpaka kitako cha kikombe, na hakuruka lolote. Alisema mume wake hakumchukia Mathew hata siku moja. Alisema yeye alidhani anamtibu. Mokeira alisimama karibu kiasi cha kuweza kumvuta Jerusa nyuma kama mtu angenyanyuka.

Rodah alimsikiliza mpaka mwisho. Alijifunga shuka upya mabegani.

"Hiyo dawa," alisema, "mtoto wangu naye alikuwa anainywa?"

"Ndiyo, mama. Yeye ndiye alikuwa anamiminiwa kwanza."

Rodah alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali hesabu ambayo hakutaka itoke hivyo. Alikuwa na sauti ndogo, na Mokeira alilazimika kuinama ili asikie.

"Jioni nilikuwa namwekea chai, anakataa," alisema. "Ananiambia, mama, mimi nimeshakunywa ya kwa Oyoo."